Tulivyoisusia Chai ya Pakiti Nyekundu

Mkurugenzi alipotutukana, tulikuwa tunakunywa chai yake.

Sitii chumvi. Ilikuwa saa nne asubuhi, hapa Kedowa, ndani ya hoteli ya jirani yangu mjane, na kila mtu alikuwa ameshika kikombe. Runinga iliyo juu ya kabati la mandazi ilikuwa inaonyesha kikao na waandishi wa habari. Mkurugenzi wa kampuni ya chai ya pakiti nyekundu alikuwa ameulizwa kwa nini mashine za kuchuma majani zinazidi kuongezeka mashambani huku wachumaji wakirudishwa makwao. Akavuta tai yake ikakaa sawa, akasema, "Mashine haiombi likizo. Mashine haiendi matanga."

Hoteli nzima ikageukia runinga. Huku kwetu mtu anaweza kukukosea juu ya mpaka wa shamba, juu ya ng'ombe, hata juu ya binti yako, na bado mkaketi mkasikizana. Lakini matanga hayaguswi. Mtu hukosa kazi, hukosa kanisa, anaweza hata kuchelewa harusi yake mwenyewe, ila kwa matanga ya jirani atafika na viti vya kuazima. Mkurugenzi angesema tu kwamba mashine ni nafuu, tungenung'unika kidogo kisha tukaagiza chapati.

Mwenyekiti wa soko aliinuka. Yeye ni mwalimu mkuu mstaafu, na bado huongea kama mtu aliyesimama mbele ya gwaride la asubuhi. Alitangaza kwamba kuanzia dakika hiyo hakuna mtu mwenye heshima zake atakayekunywa chai ya yule bwana. Kikombe chake kilikuwa nusu. Akaimeza ile nusu ili apate kukiweka chini kwa kishindo, na sisi wengine tukafanya vivyo hivyo. Kulikuwa na mzee aliyekuwa ndiyo kwanza ameletewa chai yake. Aliomba aruhusiwe kumaliza kwa sababu alishailipia, nasi tukamsubiri apulize, anywe, apulize tena, ndipo tukaendelea kukasirika.

Halafu nyuso zikanigeukia mimi.

Mimi nauza misumari, mabati, saruji na rangi. Nilizaliwa hapa. Baba yangu alikuja kutoka Mkoa wa Kati akiwa kijana, akanunua kipande cha ardhi, akapanda viazi, akazeeka na kuzikwa hapa. Watoto wangu wanaongea Kipsigis kizuri kuliko Kikuyu chao, na mimi mwenyewe huota ndoto kwa lugha zote mbili. Lakini mkurugenzi yule alikuwa na jina la kwetu, na la pili lilikuwa lilelile la babu yangu. Sijawahi kuonana naye. Hata gari lake likinigonga hatanijua. Hata hivyo mtu mmoja aliyekuwa mezani karibu na mlango alinitazama akicheka kidogo, akasema, "Sasa huyo si mtu yenu? Wewe unasema aje?"

Nilisema makali kuliko mtu yeyote aliyekuwemo. Nilisema kunywa chai ile ni kujimeza mwenyewe. Nilisema tuunde kamati, tuweke maazimio kwa maandishi, tuyapige muhuri, na kwamba muhuri nitagharimia mimi. Walinipigia makofi. Papo hapo nikachaguliwa katibu, na mwenyekiti akanishika bega akasema, "Mtu wetu huyu." Nilirudi dukani nikitembea katikati ya barabara.

Katika kelele zile, jirani yangu mjane alikuwa akipangusa meza. Alikuwa ameuliza swali moja tu, "Na mimi nitawapikia nini?" Hakuna aliyemjibu.

Lazima niwaeleze habari za mama huyu na hoteli yake. Mumewe alikuwa mchumaji katika mashamba makubwa ya kampuni hiyohiyo, miaka mingi, mtu aliyeweza kujaza kikapu huku akikuhadithia kisa bila kutazama mikono. Mashine zilipokuja, yeye alikuwa katika kundi la kwanza kurudishwa nyumbani. Alichopewa wakati wa kuagwa ndicho walichojengea hoteli, kwenye kiwanja cha kukodi kando ya barabara kuu. Alifariki kabla rangi ya milango haijakauka vizuri. Kisha maafisa wa mauzo wa kampuni wakapita, wakaona ukuta mrefu unaotazama barabara, wakamwomba waupake rangi yao nyekundu. Katika makubaliano yale walimpa na birika kubwa la stima, lile lenye bomba, linalopika chai ya watu arobaini kwa mara moja. Madereva wa malori wanaotoka mpakani wakawa wanasimama pale. Hiyo ndiyo iliyokuwa riziki yake yote. Ikifungwa hoteli, hakuwa na shamba wala mtoto wa kumtegemea. Angelazimika kuondoka Kedowa, alikoolewa na alikomzika mume, akaishi kwa dada yake kule Fort Ternan.

Na kuna jambo jingine, ambalo ningependa kulificha lakini bila hilo habari hii haina maana. Ule mwaka mbaya wa uchaguzi, watu wa asili yangu walipokuwa wakiambiwa warudi kwao, mimi nilikimbilia kanisani na wanaume wengine. Mama yangu, mke wangu na watoto wangu walikaa siku tisa katika chumba cha kulala cha huyu mama. Mumewe alilala mlangoni. Yeye aliwapikia, akafua nguo za mama yangu, akawaambia waliokuja kuuliza kwamba hakuna mtu ndani. Hatujawahi kulizungumza jambo hilo. Kila Krismasi mke wangu humpelekea mbuzi, naye hutuletea kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, ndivyo tulivyokuwa tukilizungumza.

Sasa turudi kwenye kamati, maana kamati ilikuwa na shughuli nyingi.

Kikao cha kwanza kilikaa baada ya ibada ya Jumapili. Azimio la kwanza lilikuwa rahisi: hakuna kununua pakiti nyekundu. Mama mmoja akauliza kuhusu pakiti ambazo tayari ziko nyumbani. Tukajadiliana kwa kirefu, tukaamua zinywewe haraka iwezekanavyo ili zisibaki kutuaibisha. Wiki ile Kedowa ilikunywa chai nyingi kuliko wiki yoyote ninayoikumbuka.

Azimio la pili lilihusu miavuli. Kampuni ilikuwa imegawa miavuli myekundu miaka ya nyuma, na huku mvua hainyeshi kwa kubahatisha, inanyesha kila siku alasiri kama iliyoajiriwa. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa na mmoja, mpana, wenye mpini wa mbao. Alisimama akaeleza kwamba mwavuli si chai. Tukaandika: mwavuli si chai.

Azimio la tatu ndilo lililotutoa jasho. Zaidi ya nusu ya wajumbe wana vishamba vya majani chai, na majani yao huenda moja kwa moja kwenye kiwanda cha kampuni ileile. Kijana mmoja mwalimu aliuliza kama hayo nayo tutayasusia. Kimya kilichoingia kanisani siku hiyo hata mahubiri ya moto wa milele hayajawahi kukileta. Mwenyekiti, ambaye ana chai nyingi kuliko sisi wote, akakohoa.

"Tusichanganye mambo," akasema. "Kuuza na kununua ni vitu mbili tofauti. Sisi tunasusia kununua. Mtu akiuza, huyo hajanunua."

Nikaiandika hiyo pia, kwa mkono wangu, nikaipiga muhuri. Kwa hiyo tukakubaliana kumuuzia adui majani mabichi kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na kumwadhibu kwa kutoyanunua yakishakauka. Kama kuna mtu aliyecheka, alicheka akiwa nyumbani.

Shida ilianza pakiti zilipoisha. Mtu wa huku bila chai ni mtu aliyekatwa kitu mwilini. Mgeni akiingia nyumbani kwako, kabla hajasema alichojia, chai iwe imeshapanda moto, usipompa, umemfukuza. Sasa wageni walikuja wakapewa kakao, wakapewa uji, wakapewa maziwa matupu. Mchungaji alipotutembelea, mke wangu alimpa maji moto yenye tangawizi. Aliyanywa kwa uvumilivu wa kikristo, kisha akauliza ni nani mgonjwa.

Watu wakaanza kujitengenezea. Tumezungukwa na chai hadi mlangoni, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuitengeneza. Kazi yetu ni kuchuma, kupima na kuondoka. Mke wa mwenyekiti alianika majani juu ya mabati, mvua ikayafikia. Akayahamishia juu ya jiko, moshi ukayafikia. Mwenyekiti alituletea thamosi kikaoni, tukanywa kile kitu huku tukitazamana. Kilikuwa na ladha ya paa la nyumba ya zamani. Mjumbe mmoja akasema, "Iko sawa, lakini iko mbali." Tulimpongeza mwenyekiti kwa kauli moja.

Hapo ndipo ikaja hoja ya ukuta mwekundu.

Ilisemwa kwamba haiwezekani tususie pakiti huku ukuta mzima katikati ya soko unaitangaza. Sikuitoa mimi hoja hiyo. Lakini iliposemwa, macho yalinigeukia tena, safari hii kwa sababu nauza rangi, na mimi nilikuwa nimeshazoea kupigiwa makofi. Nilitumwa kwenda kuongea naye.

Nilimkuta jikoni akisonga unga wa chapati. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Jirani," akasema, "hii rangi si yangu. Ni ya kampuni, tuliandikishana. Na dereva akitoka mpaka na usingizi imemshika, yeye hasomi jina ya hoteli. Anaangalia nyekundu, anakanyaga breki."

Nikamwambia kuna mambo makubwa kuliko biashara ya mtu mmoja. Nilitumia neno utu. Nilitumia hata neno ukoloni.

"Bwana yangu ndiye alifukuzwa na hiyo mashine," akasema bila kupandisha sauti. "Kama ni hasira, mimi niko na haki kushinda nyinyi wote. Lakini nikikasirika, nitakula nini?"

Nilipaswa kuondoka hapo, nirudi kwa kamati, niwaambie kwamba katika Kedowa nzima kuna mtu mmoja tu ambaye mashine imempokonya kitu, na ndiye huyu tunayetaka kumkomoa. Maneno hayo nilikuwa nayo mdomoni. Badala yake nikamwambia kwamba rangi nitamletea bure.

Nilikuwa na madebe manne ya rangi ya kahawia ambayo shule fulani iliagiza kisha ikayakataa ilipoyaona. Yalikuwa yamekaa stoo hadi panya wakayazoea. Katika kumbukumbu za kikao yameandikwa kama mchango wa katibu kwa moyo wa uzalendo. Wajumbe walikuja Jumamosi na brashi, wakaimba, wakaomba, na kila mmoja akapaka kidogo ili apigwe picha. Jirani yangu alisimama mlangoni akiwa amejifunga leso, akatupikia kakao. Aliulizwa kama ana neno. Akasema, "Kongoi." Asante, basi.

Lori la kwanza lilipita siku hiyohiyo jioni, likapunguza mwendo, likapiga honi mara mbili, dereva akichungulia huku na huku kama aliyepoteza ng'ombe. Halafu likaenda zake. Waliofuata hata hawakupunguza. Kwa mbali ukuta ule sasa ulifanana na kingo za barabara, na ukiwa dereva mwenye usingizi ungedhani hapo pana udongo tu.

Sisi wa kamati nasi hatukumwokoa. Tulikuwa tukienda hotelini kwa sababu ya chai, na chai haikuwapo. Mtu haketi saa nzima kubishana siasa juu ya kikombe cha uji. Mezani kwake wakabaki wawili, watatu, na mandazi ya jana.

Ndipo mwenyekiti akatuletea ukombozi. Shemeji yake, mwenye kibanda katika soko la Merigi kule Bomet, alikuwa amepata chai ya gunia, chai ya wananchi kama alivyoiita, isiyo na pakiti wala bwana. Ilikuja na gari la viazi. Kamati ikaamua gunia la kwanza lipelekwe kwa mama wa hoteli ili naye ainuke kidogo. Nakiri nilifurahi sana. Nilihisi nimelipa kitu.

Chai ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri mno, ukweli usemwe. Watu walikunywa wakafumba macho, na mwenyekiti akatoa hotuba kuhusu ladha ya uhuru. Siku ya tatu mjane akanitumia ujumbe niende mara moja, peke yangu.

Alikuwa amelimwaga gunia katika madebe ili alikung'ute. Lilikuwa limegeuzwa, ndani likawa nje. Upande uliokuwa umefichwa ulikuwa na alama nyekundu ya kampuni, kubwa kama sinia, pamoja na jina la kiwanda tunachokipelekea majani yetu. Alilitandaza juu ya meza, akalinyoosha kwa kiganja.

"Kwa hivyo tunakunywa yake," akasema.

Nililitazama. Nikalitazama tena. Kisha nikasema maneno ambayo hadi leo yakinijia nikiwa nanyoa ndevu hujikata. Nikasema, "Azimio lilisema pakiti. Hili ni gunia."

Hakucheka. Akaniuliza kama nitawaambia wenzangu, maana kama wote tumerudia chai ileile, yeye anaweza kurudishiwa ukuta wake, na makubaliano yake na kampuni hayajaharibika bado. Alikuwa amepigiwa simu na afisa wa mauzo, naye alikuwa amemwambia kwamba ukuta unafanyiwa ukarabati. "Wiki moja tu," akasema. "Wakikuja waikute nyekundu, mimi sina shida na mtu."

Nilimwomba anyamaze. Nilimwambia mwenyekiti ataaibika, shemeji wa Merigi ataaibika, kamati itachekwa mpaka Kericho mjini. Yote hayo yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa sababu. Sababu ni kwamba asubuhi ile redio ya hapa kwetu, ikitangaza habari za ususiaji wetu, ilikuwa imenitaja kama mkazi wa Kedowa. Mtangazaji hakuuliza baba yangu alitoka wapi. Sokoni watu walikuwa wakinisalimu "Chamgei" toka upande wa pili wa barabara. Ningesema nini? Kwamba mimi, mwenye jina la mkurugenzi, ndiye nimegundua kwamba tumrudie mkurugenzi? Nilijua wangenitazamaje. Niliogopa, na niliona afadhali alipie yeye.

Alilikunja gunia mara nne, akanipa. "Basi weka kwa faili yako," akasema.

Nililiweka chini ya kaunta. Mke wangu alilipata akitafuta kamba, akaniuliza, nikamweleza. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mama yako alivaa nguo za huyu mama," kisha akaacha kuongea nami. Chakula niliachiwa mezani kimefunikwa. Katika ususiaji wote wa majira yale, huo wa mke wangu ndio pekee uliotekelezwa kikamilifu, bila kamati wala muhuri.

Ningesema wakati huo, bado ingefaa. Nilijipa siku mbili, kisha siku mbili nyingine. Kabla sijamaliza kujipa siku, mkurugenzi akaja mwenyewe.

Alikuja kufungua tangi la maji la shule ya msingi. Alisema alinukuliwa vibaya. Alisema yeye binafsi anapenda sana matanga, na tukifiwa tumjulishe. Alisema salamu mbili kwa Kipsigis, ya pili akaikosea, watu wakamshangilia kwa ile ya pili kuliko ya kwanza. Kisha wasaidizi wake wakafungua maboksi: fulana, kalenda, na miavuli mipya, mikubwa kuliko ile ya zamani. Mwenyekiti akapanda jukwaani akatangaza kwamba wananchi wameshinda. Kuhusu mashine hakuna aliyeuliza. Kuuliza ilikuwa kazi ya katibu, na katibu mikono yake ilikuwa imejaa fulana.

Jioni hiyo Kedowa ilikunywa pakiti nyekundu hadharani, kwa ushindi.

Siku chache baadaye, afisa wa mauzo alifika na lori dogo na mafundi. Alikuwa mtu mpole mwenye karatasi nyingi. Alipita duka kwa duka akipaka upya. Alipofika kwa jirani yangu aliutazama ukuta wa kahawia, akaisoma karatasi yake, akamwonyesha mstari. Aliyefuta rangi ya kampuni amevunja makubaliano, birika linarudishwa. Sina hasira naye, kwa sababu mstari ulikuwepo.

Mama hakubishana. Alimwaga maji yaliyobaki ndani ya birika, akalipangusa ndani na nje, hata bomba akalisugua, kana kwamba analipeleka kwa wakwe. Karatasi ilitaka shahidi anayejua kuandika. Nilikuwa nimesimama pale pale. Afisa akanipa kalamu, nikatia sahihi, kisha nikashika upande mmoja wa birika, fundi akashika wa pili, tukalipandisha kwenye lori.

Afisa akapangusa mikono, akatazama upande wa pili wa barabara. "Ule ukuta ni wa nani?" akauliza. Ulikuwa wangu. Ulitazama barabara vizuri kuliko hata ule wa kwanza. Nilikataa. Nilikataa kwa siku mbili nzima, na siku ya tatu nikajiambia kwamba nisipokubali mimi atakubali mwingine. Walikuja na rangi yao wenyewe. Hata brashi hawakununua kwangu. Mafundi walifanya kazi safi, na malori yameanza kusimama. Madereva hushuka, huuliza chai, huambiwa hapa ni misumari.

Yeye alijaribu kupika kwa sufuria kwa muda, kisha mwenye kiwanja akataka chumba chake. Kamati ilimwandalia kuagana. Zilisemwa hotuba tatu, moja yangu. Alipewa mwavuli.

Mwezi uliopita mke wangu alininunulia sukari na pakiti ya majani, akaniwekea mlangoni, akasema nisirudi nyumbani kabla sijafika Fort Ternan. Nilishuka kule chini kwenye joto na mashamba ya miwa, nikaulizia, nikaelekezwa. Jirani yangu alikuwa uani kwa dada yake akimenya ndizi, amekonda, na kulikuwa na wanawake wengine wanne au watano wameketi wakipiga soga. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nilikuwa nitaanza na gunia, halafu ukuta, halafu ule mwaka.

Aliinuka akanipokea mzigo kwa mikono miwili, akashukuru. Alinipa kigoda kivulini. Akaingia jikoni, akafungua pakiti ileile niliyomletea, akapika chai ya maziwa, nzito, kama ninavyoipenda, akanipa kikombe kilichojaa. Hakunikunjia uso hata mara moja. Nilitamani anikunjie.

Dada yake alikuwa akinitazama, na wale wanawake pia, wakisubiri waambiwe huyu ni nani. Nami nilisubiri. Nilijua hakika angesema "jirani yangu", au "baba ya wale watoto niliowaweka", kitu cha namna hiyo, nami ningepata pa kuanzia.

"Huyu," akawaambia, akiketi tena kwenye ndizi zake, "alikuwa mteja yangu huko Kedowa."

Wakanisalimu vizuri, kama anavyosalimiwa mteja, wakaendelea na soga zao. Chai ilikuwa ya moto bado. Niliinywa yote, nikaaga.